Stroberi za Fanja na Zamu ya Maji

Iwapo starehe ndogo ya mtu mmoja yaweza kuwa dhuluma kwa wengine ni swali ambalo, mahali penye mvua nyingi, huulizwa baada ya chakula na kusahauliwa kabla ya chai. Fanja si mahali pa namna hiyo. Mji huu wa wilaya ya Bidbid, kando ya njia iendayo kutoka Maskati hadi Nizwa, umezungukwa na vilima vikavu visivyoota hata kichaka cha kumfaa mbuzi, na chini yake yamo mashamba ya mitende ambayo uhai wake wote unategemea maji yaliyoongozwa na mkono wa binadamu. Hapo, kila jani la kijani lina mtu aliyeamua kwamba liishi.

Kwa hiyo mtu anapotenga pembe ya bustani yake, akaweka vyungu kumi na mbili chini ya kivuli cha mtende na kupanda stroberi, amefanya jambo dogo ambalo hata hivyo lina hoja ndani yake. Hajavunja sheria yoyote. Hajamnyang'anya mtu kitu. Lakini jirani anayepita na kuyaona yale majani yenye meno huulizwa na nafsi yake swali lisilomjia anapoviona vitunguu au majani ya mifugo: kwani huyu anatafuta nini?

Swali la jirani si la husuda tu. Stroberi ni mmea wenye madai. Hauridhiki na maji yoyote. Wataka yaliyo matamu kuliko yote. Wataalamu wa kilimo hupima chumvi ya udongo kwa namna maji yake yanavyopitisha umeme, na kipimo chao huitwa desisimensi kwa mita. Mtende huvumilia hadi kama 4 kabla mavuno yake hayajaanza kupungua. Stroberi huanza kuumia inapopita 1, na kila kipimo kimoja kinachoongezeka juu ya hapo huondoa takriban theluthi moja ya mavuno. Mizizi yake haiendi mbali. Mingi hukaa katika shubiri moja au mbili za juu, pale pale ambapo jua hukausha kwanza na chumvi hubaki. Ili chumvi hiyo isijikusanye, mkulima hulazimika mara kwa mara kumwaga maji zaidi ya yale ambayo mmea unayanywa, yapite chini ya chungu yakichukua chumvi pamoja nayo. Yaani stroberi hunywa maji yake, kisha hudai mengine ya kujioshea.

Hali ya hewa nayo yahitaji kubembelezwa. Aina nyingi za stroberi hutunga maua siku zinapokuwa fupi na usiku kuwa na ubaridi. Joto likizidi, maua hukoma. Fanja si Jabal Akhdhar, ambako komamanga na mawaridi hupata baridi yake ya asili. Kiangazi cha Fanja hupita nyuzi 40 bila taabu. Basi miche hupandwa karibu na Oktoba, vikonyo vyake vitambaavyo hukatwa ili nguvu isipotee, maua huonekana katikati ya baridi, na tunda huiva kama mwezi mmoja baada ya ua. Nyuki wasipofika, tunda huwa na kilema, upande mmoja umejaa na mwingine umesinyaa, kwa sababu zile punje ndogo za nje, ambazo watu huziita mbegu, ndizo hasa matunda ya mmea, na kila moja isiyopata chavua huacha nyama ya mahali pake bila kukua. Kufikia mwezi wa tano mambo yamekwisha. Mchuma stroberi wa Fanja amepata vibakuli kadhaa vya tunda lisilokaa siku tatu. Mtende, kwa upande wa pili, humlisha mtu mwaka mzima, na ulimlisha babu yake.

Majibu mawili hutolewa haraka kuhusu jambo hili, na yote mawili yana ukweli wa kutosha kumdanganya mwenye haraka. La kwanza husema: hii ni israfu. Maji ni neema, neema ina hesabu, na kuyatumia kwa kisichohitajika ni kuikufuru. La pili husema: mwenye fungu lake la maji ni mwenyewe, akilinywesha mtende, stroberi au jiwe, hakuna wa kumhoji.

Na adhaniwe bibi mmoja wa mji huo, mzaliwa wa Unguja. Si adha kumdhania, kwani miji ya Dakhiliya na Sharqiya ilipeleka watu wengi Afrika Mashariki kwa vizazi vingi, na wengi wa uzao wao walirudi Oman baada ya mapinduzi ya 1964, hasa milango ilipofunguliwa kuanzia 1970. Bibi huyu ana vyungu vyake vya stroberi, na mtoto wa kaka yake haviafiki.

"Shangazi, maji haya yamechimbwa na waliotutangulia kwa roho zao," asema kijana, "nawe wayapa mboga isiyoliwa."

"Mwanangu, kwanza hii si mboga. Pili, zamu yangu ni yangu, na mitende yangu imekunywa kabla. Kilichobaki nakipeleka ninakopenda."

"Na jirani ambaye maji ya zamu yake hayakufika mwisho wa shamba?"

Bibi anyamaza. Si kwamba ameshindwa; ni kwamba kijana amehamisha swali. Hadi hapo walikuwa wakibishana kuhusu stroberi. Sasa wanabishana kuhusu nani yuko nyuma yake katika foleni.

Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, katika insha yake kuhusu anasa ya 1752, alikataa kwamba starehe ni uovu kwa sababu tu ni starehe. Alisema, kwa ufupi, kwamba kumfurahisha ulimi au jicho hakuna ubaya, mpaka pale furaha hiyo inapolipiwa kwa wajibu uliotelekezwa: mtoto asiyelishwa, rafiki asiyesaidiwa, maskini asiyetazamwa. Jibu hili lina busara, na lampa bibi nusu ya utetezi wake. Lakini Hume alikuwa akitazama mfuko wa mtu. Fedha iliyomo mfukoni ina mwenyewe anayejulikana, na kinachobaki baada ya wajibu chajulikana kuwa ni baki. Maji hayako hivyo. Yanayompitia mtu leo yalikuwa yakienda kwa mwingine, na baki ya mmoja ni mwanzo wa mwingine.

Falaji, yaani mfereji wa kale wa Oman (si mfereji wa Unguja, ambao ni bomba la maji), ulijibu swali hili kabla ya wanafalsafa, ingawa haukulijibu kwa maneno. Oman ina falaji zipatazo 3,000 ambazo bado zinatiririka, na tano kati yake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, tatu zikiwa za Dakhiliya: Daris ya Nizwa, Khatmain ya Birkat al-Mawz na Malki ya Izki. Sifa nyingi hutolewa kwa uhandisi wake, na zinastahili. Lakini ajabu kubwa zaidi iko katika mpangilio. Maji yanapotokeza juu ya ardhi, mahali pa kwanza ni pa kuchota ya kunywa, na hapo hakuna zamu wala bei. Fikihi ya Kiislamu huitofautisha haki ya mwenye kiu na haki ya mwenye shamba, na ya kwanza haizuiliwi hata na mmiliki wa maji. Baada ya hapo maji hupita msikitini kwa watawadhao, kisha penye kuogea na kufulia. Ndipo yafikapo mashambani, nayo mashamba hayako sawa. Juu iko mitende na miti mingine ya kudumu. Chini yake ni mashamba ya msimu. Mwaka wa mvua, mashamba ya msimu hupanuka. Mwaka wa ukame, huachwa wazi, na maji yote hurudi kwenye mitende.

Mpangilio huu haukatazi kitu. Hakuna kifungu kisemacho kwamba vitunguu ni halali na maua ni haramu. Husema tu nani atangulie kupata na, la maana zaidi, nani atangulie kukosa. Stroberi, mmea wa msimu usiokuwapo wahenga walipoichimba falaji, una nafasi yake mule ndani bila kulazimisha: nafasi ya mwisho kabisa mkiani. Anayeipanda akikubali nafasi hiyo, hajadhulumu. Anayeipanda akitaka isogezwe mbele kwa sababu aipenda sana, au kwa sababu aliigharimia sana, ndiye aliyeanza kudhulumu, hata kama ni chungu kimoja.

Liko jambo jingine katika falaji ambalo wanaoisifu hulipita. Kinachogawanywa si kiasi cha maji bali wakati. Fungu la kawaida huitwa athar, nalo ni kama nusu saa; mchana lilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa kuchomoza na kutua kwa nyota fulani, na arifu ndiye aliyejua kuzisoma. Maana yake ni kwamba falaji ikipungua, haipungui kwa mtu mmoja. Nusu saa ya tajiri hupungua maji kama nusu saa ya mjane. Hakuna aliyeweza kununua kiasi kisichotikisika, kwa sababu kiasi hakikuwa sokoni. Kilichokuwa sokoni ni saa tu, na saa hizo zilikodishwa kwa mnada ili kupata fedha za kutengeneza mfereji. Ni ajabu kwamba watu walioishi na uhaba kwa muda mrefu hivyo hawakuacha mlango wa mtu kujikinga peke yake.

Hata hivyo ndani ya nusu saa yake mtu yu huru, na hapo ndipo swali la kijana linapouma. Sheria ya falaji imekwisha kumgawia bibi fungu lake, haimlazimishi kuliachia. Bibi akimwagilia stroberi wakati mitende ya jirani inakauka, hakuna wakili wa falaji atakayemshtaki. Lakini utaratibu mzima anaouegemea anaposema "zamu yangu ni yangu" umejengwa juu ya wazo kwamba cha ziada hufa kwanza. Hawezi kuchukua haki kutoka katika utaratibu huo na kuiacha roho yake njiani. Akiwa mkweli, atalipeleka fungu lake kwa jirani, au kwa uchache ataviacha vyungu vikauke kabla mtende wa mtu haujakauka. Kupenda stroberi hakumtii doa. Linalomhukumu ni kama yuko tayari kuipoteza, na utayari huo, kwa bahati mbaya, haujulikani mwaka wa mvua. Kila mtu ni mkarimu maji yakiwa tele.

Historia ya tunda lenyewe yaonyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote wa kutunga. Stroberi kubwa ya bustani si mmea wa kale. Ilitokana na kukutana kwa aina mbili za Amerika ndani ya bustani za Ufaransa. Mmoja wa wazazi wake ulilimwa Chile na wenyeji, Wamapuche na wengineo, muda mrefu kabla Mzungu hajafika. Mwaka 1714 Amédée-François Frézier, mhandisi wa kijeshi aliyetumwa na mfalme Louis wa 14 kuchunguza ngome za Wahispania (jasusi, kwa neno la wazi), alitoka huko na miche ya stroberi hiyo. Safari ya bahari ilichukua takriban miezi sita, na melini maji matamu yalikuwa ya kipimo. Ilifika miche mitano tu ikiwa hai. Frézier alimpa miwili ofisa aliyeshika mamlaka juu ya maji ya meli, kuwa malipo ya maji iliyokunywa miche njiani. Mmoja alimpa mkubwa wake wa kazi, mmoja akampa mtaalamu wa mimea Antoine de Jussieu wa bustani ya mfalme, na mmoja akabaki nao.

Hesabu hiyo imekamilika: miwili, mmoja, mmoja, mmoja. Ofisa alilipwa kwa maji ambayo hayakuwa yake. Aliyekosa maji ili miche iishi, ikiwa yupo aliyekosa, alikuwa baharia, naye katika mgawo huo hayumo. Frézier alikuwa muungwana kwa kiwango cha wakati wake, alilipa deni. Ila alimlipa mwenye ufunguo badala ya mwenye kiu. Aghalabu ndivyo anasa inavyosafisha dhamiri yake. (Miche yenyewe ilikuwa ya kike yote, na haikuzaa ipasavyo mpaka ilipopandwa karibu na jamaa yake wa Amerika ya Kaskazini, mwaka 1766 Antoine Nicolas Duchesne ndiye aliyeeleza kwamba tunda jipya lilikuwa chotara.)

Wasomaji wenye asili ya Unguja hawana haja ya kwenda Chile kutafuta mfano. Karafuu nayo ilikuwa mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ikapitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya Sayyid Said bin Sultan ikaenea Unguja na Pemba hata visiwa hivyo vikawa wauzaji wakubwa kuliko wote duniani. Karafuu si chakula. Mtu haishi kwa karafuu, na dunia ingeweza kupika bila hiyo. Ni kitu cha harufu na ladha, cha kuufurahisha ulimi wa mtu wa mbali, kama stroberi.

Na ni nani aliyewekwa nyuma ya foleni ili karafuu iishi? Ni watu waliokamatwa bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakavushwa bahari na kutiwa mashambani. Biashara ya kuwauza kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa 1873, na hali ya utumwa yenyewe haikuondolewa kisheria Unguja hadi 1897. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi, na wenye mashamba walilia hasara. Hawakusema uongo, kwani walikuwa wamepoteza mali. Lakini mtumwa wa shamba hilohilo hakuwa na mali ya kupoteza, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyehesabiwa katika mali. Mfumo ule uligeuza utaratibu wa falaji juu chini: kilicho cha ziada kilikingwa, na kisichopaswa kuguswa, uhai wa mtu, kikawa ndicho cha kwanza kutumika.

Inafaa kulisema hili kwa wazi, kwa sababu baadhi ya watu waliobuni au kuirithi ile adabu ya zamu huku bara Arabuni ndio waliomiliki mashamba yale ng'ambo ya bahari. Watu walewale waliojua, hadi dakika, haki ya jirani katika nusu saa ya maji, waliweza kutolijua kabisa swali la haki ya aliyewachumia karafuu. Kosa halikuwa katika elimu ya mgawo, waliyoijua sana. Tatizo lilikuwa nani aliyehesabiwa kuwa yumo katika foleni. Foleni iliyo adilifu kwa waliomo yaweza kuwa katili kwa waliowekwa nje yake, na waliomo wasilione hilo maisha yao yote.

Siku hizi stroberi yenyewe inaurudia mchezo huo kusini mwa Hispania, katika jimbo la Huelva, linalolisha masoko mengi ya Ulaya. Visima, vingi vikiwa bila kibali, vimefyonza maji ya chini ya ardhi yanayolisha mabwawa ya Doñana, na mwaka 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Hispania ilishindwa kuyalinda maji hayo. Ndege na mabwawa hawashiki zamu. Wamo katika foleni bila sauti, na mlaji wa London au Berlin hawaoni.

Yupo atakayesema kwamba kuyapima vyungu kumi na mbili vya bibi kwa karafuu na Doñana ni kumwonea. Ni kweli kwamba vyungu vyake vyote havifikii maji ya mtende mmoja mkubwa. Na furaha ya mzee anayeona ua jeupe Januari katika mji wa mawe si kitu cha kudharauliwa. Maisha yaliyokatwa hadi yakabaki mahitaji matupu si maisha anayopaswa kuishi mtu, na hata wahenga wa falaji walipanda mrehani na mawaridi. Mitende yenyewe, kwa ukweli, si yote ya chakula. Mingine ni ya fahari. Lakini kipimo kilichokwisha kutajwa hakihesabu madumu ya maji. Chauliza tu nani atangulie kukosa, na swali hilo lafaa kwa chungu kimoja kama lifaavyo kwa jimbo zima.

Ugumu halisi uko kwingine. Mtu wa Fanja wa leo hana haja ya falaji ili apande stroberi. Ana bomba. Sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Oman ni ya bahari yaliyotolewa chumvi katika mitambo ya pwani kwa nguvu za umeme wa gesi, na maji machungu yanayobaki hurudishwa baharini. Kwa stroberi haya ni maji bora kuliko ya falaji, kwa kuwa hayana chumvi ya kuiudhi. Kwa bibi ni utulivu: mtoto wa kaka yake hawezi tena kumtaja jirani. Shamba la jirani halipungukiwi tone kwa sababu ya vyungu vyake.

Lakini foleni haikuvunjika kwa kuwekewa bomba. Imerefushwa tu, mpaka mwisho wake hauonekani tena kutoka bustanini: samaki walio karibu na bomba la maji machungu, gesi itakayokwisha siku moja, hewa yenye joto, na wajukuu watakaolipia. Visima vya Batina vilikwisha kuonyesha namna foleni isiyoonekana inavyofanya kazi; kila shamba lilivuta maji yake kwa pampu yake, hakuna aliyemwona jirani akikosa, mpaka bahari ikaingia chini ya ardhi na visima vya karibu na pwani vikawa vya chumvi kwa mwenye stroberi na mwenye mtende pamoja.

Kwa chandarua cha kivuli na maji ya bomba, msimu wa stroberi waweza kusukumwa hadi mwisho wa Mei, pengine hata kuingia Juni. Bomba hufunguliwa alfajiri, jua halijapanda juu ya vilima. Hakuna arifu wa kutazama nyota aseme kwamba zamu imekwisha, na bibi, kama ataka kujua nani yuko nyuma yake, itabidi aulize mwenyewe.